Msiba wa Kisiwa Panza: Je, Kasa ni Halali Kuliwa?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Mwezi wa Machi 2024, siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani, Kisiwa Panza, Pemba, kiliingia katika msiba mzito. Watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Mtu mzima huyo alikuwa mama wa mmoja wa watoto hao. Watu wengine 78 walilazwa hospitali, na vipimo vikathibitisha kuwa wote walikuwa wamekula nyama hiyo. Serikali ilituma ujumbe kisiwani, ukawataka wananchi waache kabisa kula kasa.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Novemba 2021, hapa hapa Pemba, watu saba walifariki kwa sababu hiyo hiyo, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Kwa hiyo katika muda usiofika miaka mitatu tumezika watu kumi na sita kwa kitoweo kimoja.

Tunaanza kwa kuwaombea marehemu wetu. Mtume (S.A.W.) amewataja wanaokufa kwa maradhi ya tumbo miongoni mwa mashahidi, nasi tunataraji kwa Mola wetu kuwa wamo katika hao. Wazazi waliozika watoto wao tunawaombea subira na malipo mema. Makala hii haikuandikwa kumlaumu aliyefiwa. Tumeiandika kwa sababu swali moja linarudi kila mara baada ya misiba hii, nalo hujibiwa nusu: Je, kasa si halali? Si kiumbe cha bahari, na bahari si tumehalalishiwa?

Bahari na vilivyomo

Ni kweli kwamba mlango wa bahari katika sheria yetu ni mpana. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo ya baharini na chakula chake katika Suratul Maida, aya ya 96. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu maji ya bahari alieleza kuwa ni twahara na kwamba mfu wake ni halali. Masahaba waliokuwa safarini pamoja na Abu Ubayda (R.A.), njaa ikiwa imewabana, walimkuta samaki mkubwa ajabu ametupwa ufukweni. Walimla siku nyingi, na waliporudi Madina Mtume (S.A.W.) alikula sehemu ya nyama waliyobaki nayo.

Lakini kasa si samaki. Huishi majini, huvuta pumzi juu ya maji, na hupanda mchangani kutaga mayai yake. Kwa hiyo wanazuoni walipofika kwake walitofautiana. Kwa Mahanafi kinacholiwa katika bahari ni samaki tu, basi kasa haliwi. Kwa Mamaliki analiwa. Kwa Mahanbali analiwa akichinjwa. Imam Bukhari ametaja katika Sahihi yake kuwa Al-Hasan al-Basri hakuona ubaya kula kasa.

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi visiwani kwetu, Imam Nawawi ameweka katika Minhaj kanuni kwamba kiumbe kinachoishi nchi kavu na baharini, kama chura, kaa na nyoka, ni haramu. Wengi katika wanazuoni wa Kishafi wamemtia kasa katika hukumu hiyo. Wengine miongoni mwao wakaona kuwa makatazo yanamhusu yule asiyekuwa wa baharini, na wa baharini akabaki katika asili ya uhalali.

Hii ndiyo hali ya kauli za wanazuoni, na hatuna haja ya kuificha. Mtu akija na kauli ya uhalali hatutamwambia kuwa amezua. Tutamwambia kuwa amejibu swali la kwanza tu. Liko swali la pili, na watoto wetu wamekufa kwa sababu hatukulifikia.

Tuanze na bunju

Kila mvuvi wa Unguja na Pemba anamjua bunju. Ni samaki asiye na shaka, hakuna madhehebu yanayosema vingine, na samaki ni halali kwa makubaliano ya wanazuoni wote. Hata hivyo bunju akiingia wavuni hutupwa. Hakuna mama anayemtia chunguni, na hakuna shekhe anayeulizwa. Sababu ni kwamba bunju ana sumu inayoua, na kila mtu anaijua.

Sasa tujiulize: anayemtupa bunju ameharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu? Hapana. Amefahamu tu, pengine bila kusoma kitabu, kwamba uhalali wa chakula una sehemu zaidi ya moja. Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 168, haikututaka tule kilicho halali tu. Imetutaka tule kilicho halali na kilicho kizuri. Kinachoua si kizuri kwa namna yoyote ile.

Chakula kinapofika mbele yetu tunapaswa kukitazama kwa macho matatu. La kwanza: kitu chenyewe, je, kimeruhusiwa? La pili: njia ya kukipata, je, hakikuibiwa, hakikughushiwa, na kama ni mnyama wa kuchinjwa amechinjwa kwa sheria? La tatu: athari yake, je, hakimdhuru mlaji? Kuku wa halali aliyechinjwa kwa Bismillahi, akiibiwa, ni haramu kwa mwizi. Na kuku huyo huyo akioza mpaka akawa wa kudhuru, haifai kumlisha mtu.

Mafakihi wa Kishafi wameandika wazi kwamba kila kinachodhuru, kama sumu, vigae vya kioo na mawe, ni haramu kuliwa. Msingi wao ni maneno ya Mola wetu anayetukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu (Al-Baqara, 195) na kujiua nafsi zetu (An-Nisaa, 29), na kanuni mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Hapa hakuna hitilafu ya madhehebu. Anayesema kasa ni halali kwa asili yake na anayesema ni haramu wanakutana mahali pamoja: sumu hailiwi.

Sumu isiyoonekana

Madaktari wanaijua sumu hii, na haikuanzia Pemba. Imeua watu Madagascar, Ufilipino, India na visiwa vya Pasifiki. Mwaka 2010 katika kisiwa cha Murilo, huko Mikronesia, watu sita walifariki baada ya kijiji kula kasa. Wataalamu wanaihusisha na mwani na vyakula vingine vyenye sumu anavyokula kasa huko baharini. Kasa mwenyewe haimdhuru. Anaogelea akiwa mzima, mnene, mwenye nyama nzuri, na sumu imo mwilini mwake.

Tuyazingatie mambo manne. Kwanza, sumu hii haiondoki kwa kupikwa. Muhogo mchungu una sumu, lakini wazee wetu walijua kuuloweka na kuuanika mpaka ukafaa kuliwa. Kasa hana njia hiyo. Umchemshe, umkaange, umtie ndimu, sumu iko pale pale. Pili, haijulikani kwa kuangalia wala kwa kuonja, na kasa mwenye sumu na asiye nayo wanafanana. Tatu, hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Hospitali humsaidia mgonjwa apumue, apate maji na nguvu, mpaka Mwenyezi Mungu atakapopitisha amri yake. Nne, watoto ndio wanaoathirika zaidi. Kisiwa Panza wanane kati ya tisa waliofariki walikuwa watoto. Na imethibiti kuwa sumu hii hupita katika maziwa ya mama, hata mtoto mchanga ambaye hakuonja nyama hiyo akadhurika.

Wako watakaosema: tutampa paka kwanza, akipona tutakula. Hilo halisaidii. Dalili zinaweza kuanza baada ya saa chache, na zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Wakati paka anapoanza kuugua, chungu kitakuwa kimeshalika na jirani kashapelekewa bakuli.

"Si kila kasa ana sumu"

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na ni kweli. Wengi wamekula kasa wasipatwe na kitu. Wazee wetu walikula, wakafika miaka themanini. Basi kwa nini tuache kwa ajili ya mmoja kati ya wengi?

Jibu liko katika mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kwa Adiy bin Hatim (R.A.), aliyekuwa mwindaji. Alimfundisha kwamba akimpeleka mbwa wake kuwinda, kisha akamkuta mbwa mwingine pamoja naye juu ya windo, asile, kwa sababu hajui ni yupi aliyeua. Na mnyama aliyepigwa mshale akakutwa amezama majini naye asiliwe, kwa sababu haijulikani kama kilichomuua ni mshale au ni maji. Windo hilo huenda lilikuwa halali. Lakini mlaji hana njia ya kujua, basi akaamrishwa aache. Mafakihi wakajenga juu ya hayo: nyama iliyochinjwa na nyama ya mzoga zikichanganyika zisitambulikane, huachwa zote mbili.

Ikiwa tumeamrishwa tuache chakula kwa shaka ya namna alivyokufa mnyama, vipi tuthubutu kwa shaka ya namna atakavyokufa mwanetu? Mtu akiwekewa sahani ya tende ishirini, akaambiwa moja tu ina sumu na hakuna anayeijua, hatanyoosha mkono. Hatasema kumi na tisa ni halali.

Ama wazee wetu, tunawaheshimu na tunawaombea. Walikula kwa elimu waliyokuwa nayo. Sisi tumeona makaburi ya mwaka 2021 na ya mwaka 2024. Asiyejua ana udhuru wake mbele ya Mola wake. Aliyejua hawezi kujificha nyuma ya udhuru wa asiyejua.

"Ajali haina kinga"

Maneno haya husemwa matangani, na yana nafasi yake. Yaliyokwisha kupita tunayapokea kwa ridhaa, tunasema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Lakini hayafai kusemwa kabla ya kula.

Umar bin al-Khattab (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kuwa kuna tauni, aliamua kurudi na watu wake. Akaulizwa na Abu Ubayda (R.A.) kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari yake nyingine. Kisha ikaja hadithi ya Mtume (S.A.W.) ikathibitisha uamuzi ule. Hao ndio waliokuwa na imani kutushinda sisi, na imani yao haikuwazuia kugeuza safari. Kuigeuza sahani ni jambo jepesi zaidi.

Mwenye shida ya kitoweo

Hatuwezi kuzungumzia jambo hili bila ya kutaja hali ya watu. Kasa mmoja ana nyama ya kulisha nyumba nyingi. Mvuvi aliyerudi siku tatu mikono mitupu, na watoto wanamsubiri, akimkuta kasa katika jarife lake haoni sumu, anaona rizki. Na kwa kuwa Mzanzibari hali peke yake, bakuli litapelekwa kwa jirani, kwa shangazi, na kwa mjane wa nyumba ya tatu. Ndiyo maana kasa mmoja hulaza kijiji. Ukarimu wetu wenyewe ndio unaoisambaza sumu.

Wengine hutaja dharura: si mtu mwenye njaa anaruhusiwa hata mzoga? Anaruhusiwa, lakini tuangalie kwa nini. Dharura imeruhusu kilichoharamishwa ili nafsi isalimike. Sumu haiokoi nafsi, inaiangamiza. Kwa hiyo mlango wa dharura haufunguki hapa hata kwa mwenye njaa ya kweli.

Lakini jambo hilo linatudai na sisi wengine. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) akipika mchuzi azidishe maji, kisha awaangalie majirani zake. Mtaa ambao kila jioni bakuli la maharage au la mchuzi wa dagaa linapita kwa asiyekuwa nacho, mtaa huo mvuvi wake atapata moyo wa kumrudisha kasa baharini. Tukimwambia aache kisha tukamwacha na njaa yake, tumetoa fatwa nusu.

Sheria ya nchi nayo ina haki yake

Liko jambo jengine. Sheria za uvuvi nchini mwetu zimekataza kuvuliwa kasa, ili kuwalinda wasije wakaisha. Wanaotaga katika fukwe zetu ni kasa wa kawaida na ng'amba, na wote wawili wamepungua sana duniani. Kiongozi anapozuia jambo kwa maslahi ya watu, na zuio lenyewe halimlazimishi mtu kumuasi Mola wake, kumtii ni wajibu. Anayemchinja kasa kwa siri usiku, akauza nyama yake kwa vificho, amekusanya makosa matatu: amevunja sheria, ameharibu amana ya viumbe tuliyopewa, na amechukua fedha kwa kitu anachojua kuwa kinaweza kuua. Na kinachoharamishwa kuliwa, thamani yake nayo huharamishwa.

Kuhifadhi bahari si jambo geni kwetu. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ambacho wazee husimulia kuwa kilipewa jina kwa kuelekea kibla kama msala wa Nabii Khidhri, ni hifadhi ambayo kasa hutaga. Huko wavuvi wamewahi kufundishwa uhifadhi kwa aya za Qur'ani na hadithi, na walisikia mafunzo hayo kwa namna ambayo matangazo ya idara hayakuwafikia.

Nini tufanye

Kwa wazazi: msimpikie mtoto kasa wala msikubali alishwe kwengine. Mfundisheni kukataa kwa adabu, amwambie mwenyeji kuwa nyumbani wamemkataza. Mama anayenyonyesha asionje kabisa. Mayai ya kasa nayo yaachwe. Bakuli likiletwa na jirani, shukuruni kwa wema wake, kisha mwambieni ukweli, maana naye ana watoto.

Kwa wavuvi: kasa akinaswa hai, mrudisheni. Ihsani kwa mnyama ina malipo, Mtume (S.A.W.) ametusimulia habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Akiwa amekufa, asipelekwe dikoni wala nyumbani.

Kwa aliyekwisha kula: asisubiri. Kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, kuungua mdomo na koo, taabu ya kumeza, vidonda vya ulimi, usingizi usio wa kawaida: ikitokea moja katika hizi akimbizwe hospitali, na walioshirikiana naye chungu kimoja waende pamoja naye hata kama bado ni wazima. Amwambie daktari wazi alichokula. Wako wanaoficha kwa kuogopa sheria. Uhai wa mtoto una haki kubwa kuliko hofu hiyo, na kuchelewa kwa saa chache kunaweza kuwa tofauti ya kurudi naye nyumbani au kumpeleka makaburini.

Kwa maimamu na walimu wa madrasa: jambo hili lisemwe katika hotuba ya Ijumaa kabla ya msiba, si baada yake. Msitoe kauli ya uhalali wa kasa darasani mkaishia hapo. Mwanafunzi ataibeba nusu ile mpaka jikoni. Kama tunavyomkubali daktari muaminifu anaposema mgonjwa huyu asifunge Ramadhani, ndivyo tumkubali anaposema nyama hii isiliwe. Masheha wawaite wavuvi na madaktari mahali pamoja, wazungumze kwa lugha ya watu.

Kwa ufupi, mwenye kutuuliza kama kasa ni halali tunamjibu hivi: wanazuoni wametofautiana juu ya asili yake, na wengi katika madhehebu yetu wamemkataza. Ama kumla leo, katika visiwa hivi, baada ya tuliyoyaona, haifai kwa kauli zote mbili, kwa sababu ya madhara. Na kumlisha mtoto ni kubaya zaidi, kwa kuwa mtoto hana uwezo wa kuchagua. Anakula alichowekewa na mtu anayemuamini.

Mvuvi wetu hahitaji kuanza mwendo mpya. Amfanyie kasa lile lile analomfanyia bunju kila siku: amtoe wavuni, amrudishe baharini, aombe rizki nyengine.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape subira wazazi wao, na atukinge na misiba ya kujitakia. Amin.

Wallahu a'alam.